Miwani ya Msumari

Siwapendi watu wanaoanza na "inasemekana." Haya hayakusemekana. Nilikuwepo, na shati la mdogo wangu lilikuwa mkononi mwangu. Anayetaka kubisha abishe, nimeshazoea.

Mdogo wangu tulimwita Msumari kwa wembamba wake. Alikuwa fundi simu, na kibanda chake kilikuwa barazani kwa mama, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye droni. Si zile za kupigia picha kwa upole. Hizi ni ndogo, zina mbio na kelele, na mrushaji huvaa miwani iliyoziba macho kabisa. Haoni chochote isipokuwa kile kinachoonwa na kamera ya droni, kana kwamba ni yeye anayepaa. Ni mchezo wa wenye nazo, na Msumari hakuwa nazo. Alijifunza kwenye kompyuta kuukuu, akirusha droni za kwenye skrini mpaka mama akamuuliza kama humo ndani kuna mshahara. Mota aliziokota mbovu akazifufua. Fremu aliikata mwenyewe, akaikosea, akaikata tena.

Ikabaki miwani tu. Akaipata kwa muuza vyuma chakavu, chini ya rundo la redio zilizokufa, kwa bei ya kutupa.

"Mwenye nayo yuko wapi?" nilimuuliza yule mzee.

"Hakurudi kuifuata," akasema, huku anamfungia Msumari mfuko haraka haraka.

Kulikuwa na mpiga picha za harusi aliyemwahidi kazi. Alitaka video moja tu: droni ipite ndani ya ghorofa, kutoka juu mpaka chini, bila kukatwa. Msumari alikuwa hali wala halali kwa ajili ya video hiyo. Nyuma ya mtaa wetu kuna ghorofa ambalo halikumaliziwa, halina kuta wala vizuizi vya pembeni. Akalichagua hilo.

Warushaji wana masharti yao. La kwanza, mwenye miwani hasimami peke yake, lazima awe na mtu wa kuona badala yake. Mtu huyo nilikuwa mimi, nikimshika shati mgongoni. La pili alikuwa akilirudia kama dua: amini miwani, usiuamini mwili. Ukiwa umevaa, magoti hulegea na tumbo hukwambia unaanguka, kumbe umesimama nchi kavu. Anayeusikiliza mwili huivunja droni yake siku hiyo hiyo. Msumari alijifunza kutousikiliza mwili wake, na alijifunza vizuri mno.

Ilikuwa alasiri, jua linawaka, watoto wanacheza mpira kule chini. Nilimweka katikati ya sakafu ya juu, mbali na kila ukingo. Nilikagua mwenyewe. Alisimama badala ya kukaa, kwa sababu miwani ile ya kuokoteza ilikuwa dhaifu, alilazimika kugeuza kichwa huku na huku kuitafutia picha. Akaivaa.

"Picha imeingia," akasema.

"Picha gani? Betri ya droni bado ninayo mimi."

Akacheka. "Basi kuna mwingine anarusha karibu. Tumegongana chaneli, miwani ya bei chee ndivyo ilivyo. Utaona kwa macho ya mwenzio."

Nikatazama juu. Hapakuwa na droni. Hapakuwa na hata ndege wa angani.

"Anatuona," Msumari akasema. Kisha kicheko kikaisha. "Ananiona mimi."

"Vua."

"Dada," akanong'ona, "mbona umeniweka ukingoni?"

"Uko katikati, Msumari."

"Visigino vyangu viko nje. Naona. Nyuma yangu hakuna sakafu."

"Nyuma yako nipo mimi! Nimekushika!"

Akageuza kichwa huku na huku.

"Hupo, dada. Hakuna mtu nyuma yangu."

Akaanza kwenda mbele. Alikuwa anakimbia ukingo ambao haukuwepo, anaufuata uliokuwepo. Nikavuta. Nikapiga kelele. Nikamshika shati kwa mikono miwili, nikajitupa chini niwe mzigo. Akaniburuta. Yule mwembamba, akaniburuta kama gunia tupu.

Bado ningemzuia. Wallahi ningemzuia. Lakini kitu kilinishika mkono. Kilikuwa baridi. Sikuona mtu. Kikanifungua vidole. Kimoja. Halafu cha pili. Polepole, bila haraka yoyote. Kidole gumba kikawa cha mwisho.

Kule chini mpira ulisimama.

Miwani haikuvunjika, hebu fikiria. Kumbe ilikuwa ikirekodi. Mjomba akaichomoa kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani yake, akaifungua mbele ya waombolezaji, na wote wakamwona Msumari, ametazamwa kutoka juu, peke yake. Nyuma yake sakafu tupu. Anatembea, anadondoka.

"Ulisema ulimshika," mama akaniambia.

"Nilimshika, mama."

"Mbona sikuoni?"

Niliwaonyesha vidole vyangu vilivyovilia damu. Shangazi akasema mtu anaweza kujibana mwenyewe. Nikamfuata muuza vyuma nikiwa na hasira za kuua, akaniambia bila hata kuinua uso, "Mimi nauza vitu, dada. Siuzi habari zake." Mungu atamlipa. Mpiga picha za harusi hakuja hata kutoa pole. Na kwetu, tangu siku ile, naitwa aliyemwacha mdogo wake akafa. Kuitwa mzembe nilikuwa nimekubali.

Mama huitazama ile video kila siku kwa miwani ile ile, mlango umefungwa. Jana akaniita. Hakuwa analia. Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona kwa mama yangu.

"Leo nimekuona," akasema.

Nikashukuru. Nikamkalia karibu, nikasema, si nilikwambia, mama? Akanipa miwani. Nikaivaa.

Ni kweli, sasa nipo. Gauni ni langu, viatu ni vyangu. Nimesimama nyuma ya Msumari, nimeinua uso kuitazama kamera, natabasamu. Mkono wangu uko mgongoni mwake. Haukushika shati. Kiganja kiko wazi, na kinasukuma.