Majani Membamba ya Bwawani

Kila siku akitoka shule, binti wa mfuga samaki alitupa mkoba kitandani, akabadilisha nguo huku akitembea na kula akiwa wima. Kutulia kulimshinda. Hata darasani mguu wake ulitikisika chini ya dawati, ndiyo maana wenzake walimwita Cherehani.

Alasiri moja mama yake alimwita bwawani, nyuma ya nyumba. Akachovya mkono majini.

"Huu utelezi wa kijani hauna shina wala mizizi. Utoe wote kwa mkono. Ila mmea huu uuache." Akaunyoosha kiganjani: shina lenye vifundo, majani membamba kama uzi. "Angalia, jani linapoanzia limelizunguka shina, kama mkono wa shati. Ukiona hivyo, usiguse. Watoto wa samaki hujificha humo."

"Nimeelewa, mama," alijibu, macho yakiwa barabarani. Wenzake walishaanza kuruka kamba.

Mama alipokwenda kununua chakula cha samaki, Cherehani alijaribu kuchambua. Lo! Utelezi ulijisokota kwenye majani kama nywele zisizojua kitana. Kule barabarani wakaangua kicheko. Uvumilivu ukamwisha. Akachukua reki, akavuta kila kitu, akakirundika nyuma ya ukuta, akatimua mbio.

Asubuhi maji yalikuwa matupu. Ndege mwenye mdomo mrefu alijitosa, akaibuka na kisamaki, akarudi kuchukua kingine. Mama alimfukuza kwa fagio.

"Majani yangu yako wapi?"

Kabla Cherehani hajajibu, mama alishageukia ua wa jirani yao, fundi baiskeli, akafoka hadi akasikika huko.

"Ni bata wake tu! Nimesema mpaka nimechoka!"

Siku hiyo shuleni, Cherehani hakuelewa hata somo moja. Aliporudi, alimkuta fundi akiwaingiza bata kwenye tenga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Waage rafiki zako, kesho wanakwenda sokoni. Heri nikose bata kuliko kukosana na mama yako."

Cherehani alifika mlangoni kwao, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Mwishowe aliingia jikoni mbio.

"Mama, si bata. Ni mimi. Niling'oa yote kwa reki."

Mama aliweka kisu chini. "Mbona hukusema asubuhi?"

"Niliogopa."

"Haya, twende. Kwanza jirani, bwawa baadaye."

Wote wawili walimwomba fundi radhi. Fundi alifungua tenga, bata wakatoka wakilalamika.

"Hata mimi niliamini ni wao," akasema. "Sura zao tu zinawaponza!"

Nyuma ya ukuta, majani ya juu ya rundo yalikuwa yamekauka, lakini ya chini yalikuwa bado mabichi. Cherehani alikaa chini, akachambua shina moja moja. Mama alifunga kila shina kwenye kokoto na kulitosa majini. Kisha akachota tope la bwawa, akamwonyesha viazi vidogo vilivyobaki humo.

"Reki haikufika huku. Mmea huu huweka akiba yake matopeni."

Wakatandaza wavu juu ya bwawa ili kumzuia yule ndege.

Siku zilizofuata zilimtesa Cherehani. Kila akichungulia haoni kitu. Alitamani kuvuta shina aone kama limeota mizizi, mama akamzuia. Hatimaye machipukizi yakajitokeza, majani yakarefuka, na asubuhi moja kikonyo chembamba chenye maua madogo kama shanga kikaelea juu ya maji. Chini yake, visamaki vilipenya na kutoka.

"Mama! Yametoa maua!"

Mama alikuja, akachuchumaa kando yake.

"Haraka yako ilitupotezea majani, na haya yameota tena. Visamaki vilivyoliwa ndiyo basi. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kile kimya chako. Nilimlaumu mtu asiye na kosa, naye akawa tayari kuuza mali yake. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako."