Gogo la Kupasulia Kuni la Hukkavaara

Kilichomshtua Tuomo kwanza ni ukimya. Dada yake Hilkka alikuwa ametoka kwenda chooni nyuma ya kibanda, na Hilkka ni mtu wa kuimba hata chooni.

Ndugu hao wawili walikuwa kwenye kibanda cha wapitaji ndani ya msitu wa hifadhi wa Hukkavaara. Walikuwa wamevua skii zao za kutelezea thelujini, wamechoma soseji, wamekunywa kahawa. Kwa usalama hawakukosa kitu: ramani, filimbi, taa za kichwani, na mama yao mjini alijua njia waliyopita na saa ya kurudi. Walikosea jambo moja tu. Hilkka alitia motoni kuni ya mwisho, na Tuomo aliposema wampasulie nyingine mpitaji atakayefuata, akacheka.

"Atakayefuata hana mikono? Wewe kaka, na tumbo hilo, shoka utaliona saa ngapi?"

Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, na theluji ilianza kugeuka bluu. Nyayo za Hilkka zilikwenda hatua kumi na mbili, zikakomea kwenye kisiki.

"Hilkka! Toka bwana, nimeganda!"

Akapuliza filimbi. Haikulia. Akampigia mama yake.

"Mmeacha kuni?" mama akauliza hata kabla hajamaliza kueleza.

"Mama, mtu amepotea, wewe unauliza kuni?"

"Msitu umemficha, mwanangu. Pasua kuni upesi. Giza likiingia, humpati tena."

Tuomo akaiacha simu wazi mfukoni, akasimamisha kuni juu ya gogo kuukuu la kupasulia lililokuwa mlangoni, akapiga. Chini ya shoka kitu kikaguna. Gogo likayumba. Akajiambia ni barafu, akahamia kile kisiki kwenye mwisho wa nyayo, akakipangusa theluji, akaweka kuni nyingine juu yake, akainua shoka hadi juu ya kichwa, na hapo, mikono ikiwa hewani, ikamjia harufu ya kahawa na sufu iliyolowa, akaona mvuke mwembamba ukitoka kwenye gome, ukikatika, ukitoka tena, kama pumzi ya mtu aliyekimbia sana.

"Mama," akanong'ona, "kisiki kinapumua."

"Weka shoka chini! Geuza koti, la ndani liwe nje, ndipo utamwona! Sasa hivi!"

Akalivua, tumbo lake likapigwa na baridi yote ya Hukkavaara, akalivaa kinyume.

Hilkka alikuwa amepiga magoti mbele yake, kuni kichwani, midomo myeusi.

"Nimepiga kelele mpaka koo limepasuka, mjinga wewe!"

Wakakumbatiana wakilia kama watoto.

"Yupo?" mama akaita toka mfukoni. "Tuomo, yupo?"

"Yupo, Mama."

Lakini Hilkka alikuwa anatazama nyuma ya bega la Tuomo, kule kwenye gogo la mlangoni.

"Tulikuwa wawili," akasema polepole. "Mwenzangu yuko pale miaka mingi. Watu wanapasulia kuni juu yake, wanakwenda zao. Sauti ilimwisha zamani. Leo, ulipopiga, ndiyo nimemsikia."

Koti la Tuomo lilikuwa bado limegeuzwa. Kilichobaki ni kugeuza shingo, na shingo ilikataa.

Nyuma yake, theluji ikalia chini ya unyayo.