Uzito wa Vidole Vitatu

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, upande wa kushoto, akizungusha kirungu cha kukazia shokapu, alipomwita mdogo wake bila kuinua kichwa.

"Panda basi, twende!"

Mlango wa nyuma ukafungwa. Gari likazama upande ule, kama linavyozama mtu akikaa, naye Fundi akaridhika. Kisha sauti ya mdogo wake ikatokea mbele, kwenye usukani.

"Nipande mara ngapi, Kaka? Mbona nimekaa hapa kitambo?"

Wakacheka. Ni upepo, walisema, ingawa katika lile bonde kavu walilojaribia magari hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Gari lenyewe lilitisha hata kabla ya mambo haya. Walikuwa wamelikata bodi, wakaliinua, wakalivalisha matairi yanayomfika mtu kiunoni, na sasa walikuwa wakilijaribu kwa shokapu mpya nne za kukaza na kulegeza. Jumamosi lingeingia mashindanoni. Dereva alikuwa huyo mdogo wake Fundi, binti ambaye gereji nzima ilimwita Matuta, kwa kuwa hakuna tuta lililowahi kumpunguzia mwendo. Wazazi wao walishatangulia mbele ya haki. Fundi alimlea tangu ana miaka tisa, akamfundisha kuendesha miguu yake ikiwa bado inaitafuta breki, na hapa duniani hakuogopa kitu kama kumpoteza.

Fundi alikuwa na mazoea yake. Kila baada ya jaribio alipima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu yake. Matuta akikaa kwenye usukani, gari lilishuka kidole kimoja tu. Mwembamba yule, kaka yake alizoea kumtania kwamba akila ndizi ndiyo kanenepa. Siku ile waliporudi gereji, Matuta akiwa ameshashuka, kona ya nyuma kushoto ilikuwa bado imeshuka vidole vitatu.

Akafanya ambalo fundi yeyote angelifanya. Uzito upo, basi ubebwe. Akainua springi ya kona ile, akakaza shokapu mpaka gari likasimama sawa, akafuta mikono na kwenda zake kula.

Kesho yake Matuta alitoka peke yake na akarudi mapema. Alishuka akauacha mlango wazi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "kila nikiruka tuta, kuna mtu anaguna nyuma."

"Hizo ni bushi za mpira. Bado ngumu."

"Bushi haipumui, Kaka."

Fundi akafungua mlango wa nyuma. Harufu ya udi ikampiga usoni, nzito, ndani ya gari lililopaswa kunuka grisi na vumbi. Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa, umevutwa mpaka mwisho wake kama umezunguka tumbo kubwa, na ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu. Fundi aliurudisha mlango kwa adabu, kama mtu aliyefungua chumba cha mgeni kwa bahati mbaya.

Siku ya tatu kona ya kushoto ilikuwa imeinuka, na ya kulia ndiyo iliyoshuka vidole vitatu, nyuma ya usukani kabisa, nyuma ya shingo ya Matuta. Fundi hakukaza kitu tena. Alimwita mganga.

Mganga alikuja adhuhuri, mtu wa maneno machache, kalamu mfukoni. Alilizunguka gari kama mnunuzi.

"Nani alimwita?"

Fundi akajinyooshea kidole. "Nilisema tu, panda twende. Nilidhani namwambia huyu."

"Na alipopanda?"

"Nilikaza shokapu."

"Kwa hiyo mgeni kaja, kiti kimelegea, ukamtengenezea." Mganga akatikisa kichwa. "Legeza zote nne mpaka mwisho. Tutalisukuma kwenye mteremko huu wa gereji bila mtu ndani. Likiyumba atakosa pa kujishikia, atashuka. Lakini asipande mtu. Na yeyote asiambiwe panda. Tumeelewana?"

Walielewana. Wakalegeza shokapu, wakasukuma wote watatu, na gari likateremka likinesa huku na huku kama kitanda kibovu, na ndani mikanda ikapigapiga madirisha, na mguno ukatoka, kwanza mmoja kisha mfululizo, na harufu ya udi ikajaa uwanja mpaka macho yakawatoka machozi, ndipo tairi la mbele likaingia kwenye shimo, usukani ukajizungusha, na lile dude zima likageuka kuelekea ukutani, pale ilipokuwa imesimamishwa mitungi ya gesi ya kuchomelea, na Fundi, aliyeona akilini gereji na watu wote waliomo wakiteketea, akapiga kelele kabla akili haijamfikia:

"Matuta! Panda! Shika breki!"

Naye akapanda, kwa kuwa kaka yake hajawahi kumwambia jambo akakataa. Gari likasimama hatua moja kutoka kwenye mitungi.

Udi ukakatika ghafla. Mikanda ikatulia. Fundi akamgeukia mganga amshukuru, lakini mganga alikuwa amesharudi nyuma hadi getini, macho yake yakiwa kwa Matuta.

"Nilikwambia," alisema polepole.

Fundi akalisogelea gari. Hakujua afanye nini, kwa hiyo mkono wake ukafanya mazoea yake: akaupenyeza kati ya tairi na madigadi, upande wa dereva.

"Shuka, mdogo wangu," alisema.

Matuta akashuka akitabasamu, mwembamba vilevile.

Gari likainuka kidole kimoja. Kisha cha pili, kisha cha tatu, na Fundi akaanza kulia kabla hakijafika cha nne.

"Twende nyumbani, Kaka," alisema Matuta, na pumzi yake ilinuka udi.