Mchumba Wake Ndiye Aliyemshitaki

"Kaa pale, Ghati," mwenyekiti wa kamati alimwambia, akimwonyesha kiti.

Ghati hakukaa. Macho yalikuwa yamemganda upande wa pili wa meza, kwa kijana aliyevaa shati ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi jana yake.

"Lusekelo? Unafanya nini hapa?"

Lusekelo akainamisha kichwa.

"Yeye ndiye aliyeleta malalamiko," mwenyekiti akasema. "Utaratibu wa chuo chetu ndivyo ulivyo. Anayeshitaki na anayeshitakiwa wanakaa meza moja."

Ghati akakaa bila kupenda. Tangu aitwe kwenye kamati ya uadilifu kwa madai kwamba insha yake ya historia kaandikiwa na mtu, alikuwa akilia kwenye kifua cha mwanaume huyu. Na mwanaume huyu alikuwa akimfuta machozi, anamwambia, "Nyamaza mpenzi, tutamjua tu aliyekufanyia hivi."

Kilikuwa chuo kidogo huko Maryland, wanafunzi hawafiki elfu moja, ukipiga chafya bwenini kesho yake profesa anakupa pole. Mtu akikutwa na hatia pale, anafukuzwa. Na kwa Ghati, aliyetoka Tarime kwa viza ya masomo, kufukuzwa maana yake ni kupanda ndege.

"Eleza unachojua," mwenyekiti akamwambia Lusekelo.

Lusekelo akakohoa kidogo. Alikulia Springfield, huko huko Marekani, tangu akiwa na miaka minane, Kiingereza chake kilikuwa kinateleza kama cha mtangazaji.

"Mimi nasaidia wanafunzi kwenye kituo cha uandishi. Insha zake zote nimezisoma kabla hajazikabidhi. Hii hakunionyesha. Na Kiingereza hiki si chake. Halafu mada yenyewe... mwaka mzima tuko pamoja, hajawahi kuitaja. Mimi nadhani kuna mtu kamwandikia."

"Nani?" Ghati akauliza kwa Kiswahili. "Mtaje, Luse. Nani kaniandikia?"

"Tafadhali, ongeeni lugha tunayoelewa wote," mwenyekiti akaingilia.

Profesa Hadley, mama mzee aliyefundisha somo lile, akavua miwani.

"Ghati, insha yako inahusu wanawake wa Kikurya wanaooa wanawake wenzao. Kwa nini uliichagua?"

"Kwa sababu bibi yangu aliolewa na mwanamke."



"Kwetu tunaita nyumba ntobu," Ghati akaendelea, sauti ikimtetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. "Kulikuwa na mama aliyefiwa na mume, hana mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe akamwoa bibi yangu ili amzalie watoto wa nyumba ile. Mama yangu alizaliwa humo. Vitabu mlivyotupa vinasema wanawake kama bibi walinunuliwa. Bibi anasema yeye alichagua. Alikimbia mume aliyekuwa akimpiga, akaenda kwa mwanamke aliyempa shamba. Ndicho nilichoandika. Niulizeni chochote."

Wakamwuliza, tena maswali magumu. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi nzito, mara nyingine neno likimkimbia akalizunguka, lakini hakuna swali lililomshinda. Mwishowe Profesa Hadley akavaa miwani yake.

"Hii insha ni yake. Mimi sina shaka hata kidogo."

Kesi ikafutwa papo hapo.

Nje ya mlango Lusekelo akamshika mkono.

"Ghati, subiri nikueleze..."

"Niachie."

"Nilidanganyika! Nilidhani mtu anakutumia. Nilikuwa nakulinda."

"Kunilinda? Kwa kunifukuzisha chuo?" Akauchomoa mkono wake. "Ukinigusa tena napiga kelele, na unajua chuo hiki kinavyosikia."

Rafiki yake Nkatha, Mkenya wa Meru waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja, alimkuta amejikunyata kitandani.

"Ati nani? Lusekelo? Wacha! Huyo jamaa ni nyoka, msichana. Block yeye saa hii."

Lakini Ghati hakumzuia kwenye simu. Jumbe zikawa zinamiminika.

"Mpenzi, nilikosea. Sikuamini kama umefika huko kiuandishi. Ni ujinga wangu."

"Nimekosa usingizi. Niambie nifanye nini."

"Wazazi wangu walikuwa waje kuleta posa mwezi ujao. Usikubali tuharibikiwe."

Na tuseme ukweli, moyo wake ulianza kulainika. Mtu kutokukuamini ni kosa, aliwaza, lakini kosa hilo linarekebishika. Angalau anakiri.

Jumapili, mama yake mdogo, Benadetha, aliyekuwa akiishi Riverdale Park, huko huko Maryland, akampigia.

"Mwanangu, njoo nyumbani. Lusekelo anakuja na mama yake kuomba msamaha. Nimeshapika."

Ghati akaenda. Aliwakuta sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Mama Lusekelo akajibu bila kumtazama. "Kaa. Mimi sizunguki. Mwanangu amekosea, amekuja. Wewe sasa unashupaza shingo ya nini? Wasichana wangapi hapa wanamtaka?"

"Mama, usiseme hivyo," Lusekelo akanong'ona.

"Niache niseme! Umefika Marekani juzi tu, binti. Mwanangu kakufundisha mpaka jinsi ya kuandika barua pepe. Alikuwa ana haki ya kushangaa ukiandika kama profesa. Hujawahi hata kumsimulia habari za huyo bibi yako!"

Ghati alitaka yaishe. Alikuwa na neno la msamaha tayari mdomoni.

Benadetha akaweka bakuli la mchuzi mezani, uso umemkunjamana.

"Ngojeni kwanza. Hajui habari za bibi?"

"Hakumwambia," Mama Lusekelo akasema.

"Lakini Luse, si mimi ndiye niliyekusimulia?" Benadetha akamgeukia. "Siku ile Ghati yuko chumbani anaongea na mama yangu, bibi yake, kwenye simu, anamwuliza maswali ya insha. Wewe umekaa hapo hapo ulipo. Ukaniuliza, 'Mama mdogo, wanaongea nini Kikurya?' Nikakutafsiria yote. Mpaka ukasema bibi yule ni shujaa."



"Luse?" Ghati akaita taratibu. "Ulijua?"

Lusekelo akajifuta jasho puani.

"Nijibu. Ulijua naiandika mwenyewe?"

"Ghati..."

"Ulijua?"

"Nilijua!" Lusekelo akalipuka. "Nilijua! Profesa Hadley alinionyesha, akaniambia hajasoma insha ya mwanafunzi nzuri kama ile. Miaka mitatu nipo pale, hajawahi kuniambia hivyo! Na wewe ni mimi niliyekushika mkono! Mimi!"

"Yesu wangu," mama yake akasema, akajifunika uso kwa mtandio.

Ghati akasimama. Hakupiga kelele.

"Ungekuwa hukuniamini, ningekusamehe. Nimekuja hapa kukusamehe. Kumbe uliniamini kuliko mtu yeyote, ndiyo maana ukataka nifukuzwe."

"Nipe nafasi moja tu..."

"Ukanifuta machozi, Luse. Kwa mkono wako. Toka."

"Mama mdogo, nisaidie kumwambia," Lusekelo akamgeukia Benadetha.

Benadetha alikuwa amekwisha fungua mlango.

"Umesikia alichosema. Na usiniite tena mama mdogo."

Mama Lusekelo akanyanyuka, mkoba kwapani. Alipofika kwa Ghati akasimama kidogo, akainamisha macho. Akamtangulia mwanawe kwenye gari.

Simu ya Ghati ikaita kabla hata gari halijakata kona.

"Umemsamehe?" Nkatha akauliza.

"Nimemwacha."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Uko sawa?"

"Hapana." Sauti ikamkatika, machozi yakaanza kumtoka. "Ila kesho saa tatu nina somo, na nitakaa mbele."

Benadetha akamvutia kiti mezani, akampakulia wali, naye akala huku analia.