Sahifa ya Mwisho ya Hati ya Bwana Liang

Kila siku alasiri, Goodness alitoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wazazi wake, katika soko la nguo la Shahe, mjini Guangzhou. Ulikuwa mwaka 1998, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Bwana Agustino, mwenyeji wa Mwanza, alijua Kichina cha kuuliza bei na kuikataa, basi. Kwa hiyo kabla binti hajatua mkoba, alikwishaitwa.

"Goodness, mwulize huyu mashati yangu yako wapi! Goodness, mwambie rangi hii sikuiagiza!"

Wafanyabiashara walimsifu, na sifa zikamwingia kichwani.

Jumanne moja, Bwana Liang, mwenye vyumba viwili nyuma ya soko, alileta hati ya nyumba yake. Bwana Agustino, akiwa amechoka kupanga stoo inayovuja, alitaka kuvinunua kwa akiba yake ya miaka sita.

"Soma, mama," akamwambia binti yake.

Goodness akasoma jina, mtaa na vipimo vya vyumba. Sahifa ya mwisho ilikuwa na mhuri mwekundu na mistari minne ya maneno ambayo hakuwahi kufundishwa. Bwana Liang alikuwa akitazama saa yake kila mara.

"Na hapo?" baba akauliza.

"Hayo ni maneno ya ofisi tu, Baba. Yapo katika kila hati."

"Yanasemaje hayo maneno ya ofisi?" akadakia mama yake, Bi Albina.

"Mama nawe! Si nimesema ni ya ofisi?"

"Mwache mtoto, Mama Goodness. Unamhoji kama hakimu!"

Wakakubaliana kwamba fedha zitalipwa Ijumaa. Siku hizo Bwana Agustino alijigamba kibanda hata kibanda kwamba mkalimani wake hamlipi hata senti. Akamwarifu mwenye stoo kuwa anahama. Kila alipojigamba, Goodness alijisikia vibaya, lakini akanyamaza.

Ijumaa alasiri, bahasha ya fedha ilikuwa mezani na baba ameshika kalamu. Hapo Goodness hakuweza kuvumilia tena.

"Baba, usitie sahihi! Sahifa ya mwisho sikuisoma. Sikuielewa hata kidogo."

"Unasema nini? Unaniambia leo?"

"Niliona aibu, Baba."

Bwana Agustino akatupa kalamu, akaichukua bahasha na kutaka wote waende ofisi ya ardhi na nyumba. Bwana Liang akalalamika kwamba kuna foleni, kuna joto, na kwamba wageni hawa ni wasumbufu. Dirisha la kwanza likawatuma la tatu; la tatu likawarudisha la kwanza. Hatimaye karani mmoja akaisoma ile sahifa, akamweleza Goodness kwa maneno mepesi, naye akatafsiri.

"Baba, nyumba hii aliuziwa na kiwanda anachofanyia kazi, kwa bei nafuu. Haruhusiwi kuiuza bila kibali cha kiwanda mpaka ipite miaka mitano. Imebaki mitatu."

Bwana Liang akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasema kiwanda hakitajua."

"Hakitajua! Na siku nitakapotupwa nje na marobota yangu, atakuwa wapi?"

Bwana Agustino hakulipa kitu. Akaenda kumbembeleza mwenye stoo, aliyemcheka kwanza, kisha akamruhusu kubaki. Akarudi kibandani akifoka: Liang mwongo, karani mzembe, mtoto mjinga.

Bi Albina akaweka chini nguo alizokuwa akikunja.

"Umemaliza? Sasa nisikilizeni nyote wawili. Wewe, Baba Goodness, uliona uchungu kumlipa mkalimani, ukamtwika mtoto kazi ya wakili. Hati ya nyumba hupelekwa ofisi iliyoitoa kabla ya kuahidi fedha, si baada ya kuaga stoo! Nawe Goodness, kutojua si kosa. Hukufundishwa maneno yale. Kosa lako ni kujifanya unajua, kwa kuwa baba yako aliamini kila neno lako, na kwa imani hiyo angepoteza jasho la miaka sita. Leo umesema kweli, umetuokoa. Lakini neno 'sijui' lilikuwa tayari kinywani mwako tangu Jumanne. Ungelitoa siku ileile."