Hatua ya Saba ya Mji wa Mawingu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nilikuwa nikibandika gazeti letu kwenye ubao ulio karibu na mlango wa ofisi ya walimu. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Karatasi nne kubwa, pini kumi na mbili, na wanafunzi waliosukumana mgongoni kwangu wakitaka kusoma kabla sijamaliza. Vichekesho vilikaa chini, matangazo ya shule pembeni, na katikati kabisa, usawa wa macho, palikuwa na safu yangu ya gemu za kompyuta. Kwa sababu ya safu hiyo shule nzima iliniita Mhariri. Sitasema uongo, jina hilo lilinikaa vizuri.

Muhula ule gemu iliyokuwa midomoni mwa kila mtu iliitwa Mji wa Mawingu. Ilikuwa bado haijatoka, lakini tangazo lake nililitazama nyumbani mpaka baba akawa anaupiga mluzi muziki wake. Mji mzima ulielea angani. Ndani yake, tangazo lilidai, kuna watu elfu moja, kila mmoja ana maisha yake, na ukipita kesho atakukumbuka. Tena kulikuwa na joka la kupanda! Basi nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Gemu bora ya mwaka! Na subirini mfike hatua ya saba, huko ndiko kwenye utamu wenyewe."

Hiyo hatua ya saba niliitoa wapi? Kichwani. Kwenye tangazo nililiona lango lenye namba saba, nikajaziliza mengine.

Wiki tatu baadaye gemu ilitoka, na wakati huohuo darasa letu likashinda mashindano ya usafi. Mwalimu mkuu aliahidi zawadi moja tu, tuichague wenyewe kwa kura Ijumaa ya wiki iliyofuata: wavu na mpira wake, au Mji wa Mawingu kwenye kompyuta ya shule.

Jirani yangu wa dawati alikuwa msichana tuliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Chiriku aliupenda mpira wa wavu kuliko chakula. Miaka miwili alikuwa akicheza na wenzake juu ya kamba ya kuanikia nguo, wakibishana kila mara kama mpira umepita juu au chini. Nilijua kura yake itakwenda wapi hata kabla ya kumwuliza.

"Nimebadilisha," akaniambia. "Nachagua gemu. Na timu yangu yote nimeiambia."

"Wewe? Uache wavu?"

"Si wewe umesema ndiyo bora ya mwaka? Nyumbani kwetu hakuna kompyuta, mwenzangu. Mimi macho yangu ni wewe."

Nilifurahi kusikia hivyo. Furaha yangu haikufika hata Jumapili.

Jumamosi kaka yangu aliiweka gemu kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikaingia mjini. Muuza matunda akaniambia, "Karibu, mgeni." Nikazunguka mtaa, nikarudi. "Karibu, mgeni." Wale watu elfu walikuwa watu wanne waliobadilishwa mashati. Niligonga milango thelathini, hakuna hata mmoja uliofunguka. Joka lilipokuja nikalipanda, likakwama kichwa ukutani na kupiga mbawa palepale, nami nimekaa juu yake nisijue nishuke au nisubiri.

Nilizima, nikawasha. Nikajiuliza nimekosea wapi. Labda kuna kitufe sikukibonyeza. Labda kompyuta yetu ni mbovu. Kitu kilichosifiwa hivi hakiwezi kuwa hivi.

Jumatatu nikamtafuta Miwani, mvulana wa darasa letu aliyekuwa na gemu hiyo kwao.

"Unaionaje?" nikamwuliza.

"Tamu," akajibu, akifuta miwani yake kwa muda mrefu kupita kiasi. "Umefika hatua ya saba?"

"Bado."

"Ah, basi. Huko ndiko kwenye mambo."

Moyo ukatulia. Kumbe ni haraka zangu tu! Siku hiyo na siku iliyofuata, kazi za shule zilipokwisha, nilikazana mpaka vidole vikaniuma, nikafika hatua ya saba. Ulikuwa mtaa uleule, umepakwa rangi ya buluu. Muuza matunda akasema, "Karibu, mgeni."

Wenzangu wanaona nini ambacho mimi sikioni? Jumatano nikamrudia Miwani. "Nani alikuambia habari za hatua ya saba?"

"Binti wa mfamasia."

Binti wa mfamasia alikuwa darasa la juu yetu, na yeye pia alikuwa na gemu ile kwao. Nilimkuta anajaza maji chupa yake bombani. "Dada, samahani. Hii habari ya hatua ya saba uliipata kwa nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina langu mwenyewe. "Niliisoma ukutani. Si wewe uliyeandika?"

Nilikwenda ubaoni. Karatasi ile ya zamani ilikuwa bado imebaki chini ya mpya. Nikaifunua. Mwandiko ulikuwa wangu, na wino mwekundu vilevile. Nilikuwa nimezunguka shule nzima kutafuta ukweli wa uvumi nilioutunga mwenyewe.

Nilimrudia yule dada. "Lakini wewe mwenyewe umeipenda?"

Akatazama kushoto na kulia. "Nilidhani mimi ndiye sijui kucheza," akanong'ona.

Alhamisi nilipita kwenye karakana ya baba. Baba ni mchora mabango, na siku hiyo alikuwa mbele ya ubao mkubwa ulioandikwa MKATE MOTO, kisha nafasi tupu.

"Mbona hujamaliza, baba?"

"Mwenye duka anataka niongeze 'kila saa'. Nimekwenda mara mbili, nimekuta mkate wa baridi. Nitapita tena saa kumi nione."

"Kwani mkate ni wako?"

"Mkate ni wake, mkono ni wangu. Watu wa mtaa huu wanaujua mwandiko wangu, mwanangu."

Nikasafisha brashi mbili, kisha nikauliza, "Na kama umeshaandika, bango limeshatundikwa, halafu ukakuta si kweli?"

Baba akaelekeza kidevu pembeni. "Ngazi ile pale. Unapanda, unafuta."

"Watu wakikuona?"

"Afadhali wakuone unafuta."

Ijumaa, mwalimu wetu wa darasa aliingia na vikaratasi vya kura. Ningenyamaza, gemu ingeshinda, na hakuna ambaye angejua kwamba niliisifu bila kuicheza. Lakini Chiriku alikuwa ameshalaza karatasi yake mezani, anatafuta kalamu, anatabasamu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kusema kabla hatujaanza. Ile makala niliandika kabla sijaicheza gemu. Sasa nimeicheza. Si nzuri. Na hatua ya saba niliibuni."

Darasa likavurugika. "Lakini Miwani alisema tamu!" mmoja akapiga kelele.

Miwani akainuka taratibu. "Nilisema tamu kwa sababu Mhariri alisema tamu. Mimi joka langu lilikwama ukutani."

"Na langu!" nikasema, na watu wakaangua kicheko. Chiriku hakucheka.

"Kwa hiyo ulikuwa hujaiona kabisa?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Ningeukosa wavu, na timu yangu yote ingeukosa, kwa kitu ambacho hujakiona?"

Nikasema, "Nisamehe," nikakaa. Tulipiga kura, na wavu ukashinda.

Mwalimu aliniita mbele ya darasa. Nilitegemea adhabu. "Kutojua si kosa," alisema. "Hata mimi yapo mengi nisiyoyajua. Kosa lako ni kuandika dhana kana kwamba ni jambo uliloliona kwa macho yako. Na ninyi mliojaribu mkaona mambo siyo, mkanyamaza ili msionekane hamjui, mliusaidia uongo ule utembee. Anayeaminiwa na wenzake aangalie kwanza, ndipo aseme. Na akikosea, aseme hadharani kama ulivyofanya leo. Hapo ndipo heshima yake inapobaki."

Jumatatu nilibandika makala mpya yenye kichwa "Nilikosea". Chiriku alikuwa bado hajanisemesha. Siku tano mdomo wake ulikaa kimya kwangu peke yangu, nami sikuwahi kupata adhabu kali kama hiyo.

Wavu ulipoletwa, nilisimama mbali nikiwatazama wakiufunga kwenye nguzo. Chiriku akageuka, akanipigia kelele:

"Mhariri! Njoo utazame kama umenyooka. Lakini utazame kweli!"

Nikakimbia, nikainama, nikautazama mwanzo hadi mwisho. "Umepinda," nikasema. "Huku kwako uko chini."

Akacheka, akaupandisha.