Mshipi Uliolegea Chini

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaenda kuketi kwenye kigoda mbele ya meza ya baba yake. Chakula kilisubiri. Watoto wa mtaani walimpa jina hilo la Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi, na kwa kweli lilimkaa vizuri, maana hata usingizini alikuwa anaongea.

Baba yake alikuwa fundi wa rili, vile vyombo vya kukunjia mshipi ambavyo wavuvi hufunga kwenye fimbo zao. Chumba cha mbele cha nyumba yao, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea ziwani, ndicho kilikuwa karakana yake. Wavuvi wanaovua wakiwa wamesimama kwenye ukuta wa mawe kando ya ziwa walimletea rili zilizokwama, zilizoingia mchanga, na zaidi ya yote zile zilizohitaji mshipi mpya. Mtu akiuliza ni nani mwenye mkono mzuri wa kukunja mshipi, alielekezwa kwake bila kufikiria mara mbili.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimwachia mguu wa kuburuta, ulimi mzito, na mkono wa kulia uliokufa kabisa. Mama yake Chiriku alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo Shangazi, dada yake Baba, alihamia pale kuwatunza. Alikuwa mtu wa utani, lakini ndani ya nyumba ile utani wake haukufika mbali. Baba alishinda ameuangalia mkono wake uliolala juu ya paja.

Kazi ndiyo iliyomrudishia uhai kidogo. Yeye na Chiriku walianza kuifanya watu wawili. Rili ilibanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, lililofungwa mezani, Baba akazungusha kishikio kwa mkono wa kushoto, na Chiriku akaushika mshipi kwa kitambaa chenye maji, kati ya kidole gumba na cha shahada, akiubana ili uingie ukiwa umekazika.

"Ukilegea hapa, utatatana kule ziwani," Baba alimwambia siku ya kwanza, akivuta maneno taratibu. "Na wewe hutakuwepo kuutatua."

Alimfundisha mengine pia. Lile gurudumu kubwa la mshipi wa dukani lilazwe chini, na mshipi ukianza kujisokota ligeuzwe upande wa pili. Rili isijazwe mpaka pomoni, ibaki nafasi kidogo ukingoni, la sivyo mshipi utamwagika wenyewe. Na ukishatupa ndoano majini, kile kiwaya kilichopinda kinachouongoza mshipi kifungwe kwa mkono, kisha uuvute kidogo kabla ya kuzungusha, usiache hata kitanzi kimoja kilicholegea. Chiriku aliyashika yote, akawa anayahubiri hata kwa Shangazi, ambaye alisema kwamba yeye samaki wake humtoa sokoni na hajawahi kumkuta na kiwaya.

Ubaya wa kazi ile ulikuwa vidole. Mshipi unaobanwa hukata polepole, hata kwa kitambaa, na bado haikuruhusiwa kuharakisha. Chiriku alikuwa na mchubuko kwenye kidole cha shahada ambao haukupata nafasi ya kupona.

Siku ilipoletwa rili ya Mama Kofia, kidole kilikuwa kinawaka moto. Mama Kofia alikuwa mvuvi hodari kuliko wanaume wengi pale ukutani, mwanamke mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ya ukindu. Mtaani nje wasichana walikuwa wanaruka kamba, na mmoja wao alishapita dirishani kumwita Chiriku. Basi akalegeza vidole. Alijiambia kwamba ni chini tu, huko ndani ambako hakuna atakayeona, halafu juu ataubana vizuri.

Baba akapunguza mwendo. "Mbona mshipi umekuwa mwepesi?" aliuliza. "Umebana?"

"Nimebana, Baba."

Baba akasimamisha kishikio. Akautazama mkono wake wa kushoto, akaukunja na kuukunjua, kisha akaendelea kuzungusha. Tabaka za juu Chiriku alizibana kisawasawa. Rili ilipotoka kwenye jiliwa ilipendeza, mshipi umelala sawasawa, unang'aa. Akakimbia nje kuruka kamba na kwa furaha ya mchezo akasahau.

Mama Kofia alirudi siku chache baadaye, asubuhi ya Jumamosi, akiwa na kiganja kilichofungwa kitambaa. Aliiweka rili mezani. Mshipi ulikuwa umejisonga mafundo ndani ya mafundo, na katikati yake ule wa juu ulikuwa umezama ndani ya ule wa chini na kung'ang'ania humo. Alisimulia bila kupandisha sauti. Alikuwa amenasa samaki mkubwa, wa kutosha kulisha nyumba yake, akampa mshipi akimbie, na mshipi ukakwama ghafla. Alijaribu kuukwamua kwa vidole, ukamkata nyama ya kiganja, kisha ukakatika. Samaki akaenda zake na ndoano mdomoni.

Chiriku alisimama nyuma ya kiti cha Baba. Alitamani Mama Kofia agombe, apige meza, aseme lolote baya.

"Fundi, pumzika," Mama Kofia alisema kwa upole. "Umetufanyia mengi miaka yote. Hakuna atakayekulaumu."

Baba aliuinua ule mshipi uliotatana, akaupapasa kwa kidole gumba. "Ulilegea chini," alisema. "Nilihisi. Nikamuuliza mtoto, akasema amebana. Basi uliolegeza ni mkono wangu huu unaozungusha; nao hausikii tena." Kisha akaomba radhi, na Mama Kofia akaondoka akiwa ameinamisha kofia yake.

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema ukweli. Maneno yalifika hadi kwenye meno, yakarudi. Alijiambia kwamba atasema jioni, na jioni ilipofika akajiambia kesho.

Kuanzia siku hiyo Baba hakukaa tena mezani. Wateja waliokuja aliwarudisha na rili zao. Kile kimpira ambacho muuguzi alimpa akiminye ili mkono upate nguvu alikiacha juu ya kabati. Chakula alikigusagusa tu. Shangazi alipomlazimisha kula, alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, akakitazama kana kwamba anashuku kitamwangukia, akakirudisha sahanini.

Chiriku naye alinyamaza. Mwanzoni Shangazi alimtania, akamuuliza kama maneno yamemwishia na anahitaji kuazimwa mengine. Baadaye akaacha, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na aibu, nayo ilikuwa inazidi kila alipomwona baba yake akikunja na kukunjua ule mkono wake mzima, akiuchunguza, akitafuta ugonjwa ambao haukuwemo. Usiku alijifunika gubigubi na kulia kimyakimya ili Shangazi asisikie.

Siku moja alirudi kutoka shuleni akamkuta fundi baiskeli wa mtaa wa pili yumo karakanani. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza na spana mkononi, anafungua bolti za jiliwa. Shangazi amesimama mlangoni, macho mekundu. Baba ameketi pembeni, uso ameuelekeza ukutani.

"Unafanya nini?" Chiriku aliuliza.

Fundi baiskeli alijibu kwa huzuni kwamba baba yake amemwambia alichukue, kwani chombo kizuri hakifai kukaa bila kazi. Bolti ya kwanza ilikuwa imeshatoka. Ya pili ilikuwa na kutu, na alipoizungusha ililia.

Chiriku aliona kwamba bolti ile ikitoka, baba yake hatarudi tena kwenye meza ile.

"Usilitoe," alisema. "Baba, si mkono wako. Ni mimi. Kidole kilikuwa kinaniuma na nilitaka kwenda kucheza, nikalegeza mshipi. Uliponiuliza, nilikudanganya."

Spana ilisimama. Shangazi akafunika mdomo kwa kanga. Baba aligeuka polepole, na uso wake ulikuwa mgumu kuutazama, maana hasira na kitu kingine kama nafuu vilikuwa vinagombana humo.

Hakumgombeza. Aliinuka, akajiburuta hadi mezani, akamwambia fundi baiskeli airudishe ile bolti kwanza. Kisha akamwagiza Chiriku alete rili kuukuu, mshipi na kitambaa. "Nitafumba macho," alisema. "Wewe bana ukitaka, legeza ukitaka."

Akaanza kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Chiriku akabana. "Umebana," Baba akasema. Akalegeza kidogo sana, hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika. "Umelegeza." Akabana tena, akalegeza tena, na kila mara Baba alisema kabla mshipi haujamaliza mzunguko. Fundi baiskeli akaacha kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Shangazi alikuwa analia waziwazi sasa.

Baba alifumbua macho na kuutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akauweka juu ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kiharusi machozi yalimtoka mbele ya mtoto wake.

"Nilihisi sawasawa tangu siku ile," alisema.

Kazi ya siku hiyo haikuwa imekwisha. Baba aliomba mkongojo wake, na wawili hao wakateremka mtaa hadi ziwani, mwendo wa kuburuta na kupumzika. Mbingu ilikuwa nzito na mawe ya ukuta yalikuwa yameloa. Mama Kofia alikuwa anavua kwa mshipi wa mkono, bila fimbo, kiganja bado kimefungwa.

Baba alisimama mbali kidogo, akamwacha Chiriku aende peke yake. Chiriku akaamkia, akasema yote kwa maneno machache, pengine machache kuliko alivyowahi kusema maishani mwake. Mama Kofia alisikiliza akiwa ameukazia macho mshipi wake majini.

"Kiganja kitapona," alisema mwishowe. "Samaki ameshakwenda. Lakini mimi nilimwambia baba yako apumzike, na nikaenda kuwaambia wenzangu wote hapa kwamba fundi amekwisha. Maneno hayo nitayarudisha vipi?" Mama Kofia akashusha pumzi. Alisema ataileta rili kesho, nao watazungushia mshipi mpya mbele ya macho yake, kisha atapita ukutani mtu kwa mtu kuwaeleza wenzake. Na Chiriku atafuatana naye ili aseme mwenyewe.

Chiriku akaitikia. Hakusamehewa kwa tabasamu wala kupapaswa kichwa, na alijua kwamba hakustahili bado.

Waliporudi walipanda kilima polepole. Katikati ya mtaa Baba alisimama kupumua, akamwambia aoneshe kidole. Aliutazama ule mchubuko, akausikitikia.

"Ungeniambia kinauma, tungengoja kipone," alisema. "Kazi ingechelewa, basi. Kuchelewa hakuui mtu. Na hata baada ya kulegeza, ungesema siku ile ile, tungefungua mshipi tukaanza upya."

"Niliogopa, Baba."

"Najua. Kila mtu huogopa." Alitafuta maneno, ulimi ukiwa mzito zaidi kwa uchovu. "Kukosea ni jambo moja. Lakini ulininyamazia, mwanangu, na kosa lako nikalibeba mimi. Nimelala siku zote hizi nikiamini kwamba mkono wangu wa pili nao umekufa. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajajiona yeye ndiye mbovu."

Chiriku alilia pale pale njiani, watu wakipita. Baba hakumnyamazisha. Alimwacha alie mpaka alipotosheka, kisha akamwekea mkono wa kushoto begani, akauegemea kwa uzito wake wote, na wakaendelea kupanda.